Sekunde Thelathini na Tisa

Jumapili ya pili ya mwezi wa Februari, saa nane mchana, tulikuwa watu sita jikoni kwa Gudmund Nordgard. Alikuwepo Gudmund mwenyewe, mzee wa miaka sabini na miwili, ameketi mahali pake pa siku zote, mgongo wake ukiota joto la jiko la kuni. Alikuwepo mkewe Oddlaug, ambaye katika nyumba ile ana kiti lakini hakikalii. Alikuwepo mtoto wao wa kwanza, Tarald, dereva wa gari la kusafisha theluji barabarani. Alikuwepo Jorid, binti wa Tarald mwenye miaka kumi na sita. Mama yake alikuwa zamuni siku hiyo. Alikuwepo Sunniva, dada yake Tarald, muuguzi katika nyumba ya wazee ya bondeni kwetu. Wa sita nilikuwa mimi, Eilev Brattli, niliyekuwa mkimbiaji wa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, na sasa ni kocha wa klabu.

Nilikuja na neno moja la kusema na jingine la kuficha. La kusema ni kwamba asubuhi ile nilimwomba Sunniva awe mke wangu, naye akakubali. Tulipatana kwamba tutawatangazia wote baada ya kahawa. La kuficha lilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

"Haya, kocha," alisema Gudmund, akimimina mchuzi juu ya viazi vyake. "Kwa mwaka mzima, unalala kitandani kwako siku ngapi?"

"Zamani, mzee, labda mia moja na hamsini. Sasa ni nyingi zaidi."

"Zaidi ndiyo ngapi?"

"Gudmund, mwache mtu ale," alisema Oddlaug.

"Si anakula? Nimemziba mdomo? Nauliza tu. Mwanamke akiolewa na mtu wa skii, ameolewa na begi lililowekwa mlangoni."

"Nani kataja kuolewa hapa?" Sunniva aliuliza, huku masikio yakimwiva.

Tarald alicheka mpaka akaweka uma chini. "Wewe nawe! Mtu kaja Jumapili na shati limepigwa pasi hadi kola, unadhani kaja kuulizia bei ya kondoo?"

Chini ya meza goti la Sunniva liligusa langu, likatulia hapo. Sikuthubutu kumtazama. Nilijua nikimtazama nitaona furaha usoni mwake, na furaha ile ndiyo iliyonitesa tangu asubuhi. Kila alipotabasamu nilijiona kama mtu anayepokea zawadi iliyoandikwa jina la mwingine.

Jorid aliinua kichwa kutoka kwenye sahani yake. Alikuwa akiwazia mbio za Jumamosi. Binti yule huwaza mbio hata akiwa usingizini.

"Kocha, Jumamosi nani atasimama darajani na saa? Mimi namtaka shangazi."

Meza nzima iliangua kicheko.

"Shangazi yako!" Gudmund alipiga paja. "Huyo hatumpi hata mayai ayapimie dakika, mjukuu wangu. Tungekula vifaranga."

Oddlaug alicheka akiwa ameshika kitambaa mdomoni. Tarald alimsukuma dada yake begani, bila ubaya, kama anavyofanya kila mara. Sunniva naye alicheka. Kicheko chake nilikijua: kilikuwa kicheko cha mtu aliyejifunza kucheka wa kwanza ili wengine wamalize upesi. Lakini kidole chake cha shahada kilikuwa kikisugua ukingo wa meza, kikienda na kurudi, kikienda na kurudi.

"Mbona kila siku mnasema hivyo?" Jorid aliuliza. "Na hakuna anayenieleza."

"Haya, nikueleze," alisema Tarald. "Hukuzaliwa jana."

Akamweleza. Sina budi kukueleza nawe, msomaji, kwa utaratibu, maana bila hayo hutaelewa kwa nini niliusogeza uma wangu kando.

Mbio za siku ile, miaka kumi na mmoja iliyopita, zilikuwa za kilomita thelathini, na wakimbiaji walianzishwa mmoja mmoja, kila baada ya nusu dakika. Katika mbio za namna hiyo mtu hukimbia msituni peke yake. Hamwoni anayeshindana naye. Hajui kama anaongoza au anaburura mkia, ila kwa sauti za watu wake waliosimama kandokando ya njia na kumtajia sekunde. Kwa hiyo kwetu kuna jambo ambalo mtoto hulijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu: anayetaja sekunde hadanganyi. Uzito wa samaki uliyemvua unaweza kuuongeza, na ukubwa wa kulungu wa msituni uliyemkosa kwa risasi pia, watu watacheka na kukumiminia kahawa. Sekunde haziguswi.

Nafasi moja ilikuwa imebaki katika timu ya taifa. Tarald akishinda siku ile, nafasi ni yake. Akishindwa, nafasi inabaki kwa mtu aliyekuwa na matokeo bora ya majuma yaliyopita. Mtu huyo nilikuwa mimi, na sikukimbia kwa sababu ya mafua. Mpinzani wake alikuwa Embrik Sanden wa bonde la pili, ambaye alianza nusu dakika mbele yake. Sunniva alisimama kwenye kilomita ya ishirini na mbili akiwa na saa, ahesabu ni sekunde ngapi zinapita kati ya Embrik na kaka yake, kisha anipigie simu. Mimi nilisimama kilomita tatu mbele, chini ya mlima wa mwisho, nipige hesabu na kumtajia Tarald.

"Sasa shangazi yako," Tarald alimwambia binti yake, "akasoma kumi na tisa. Kocha akatoa hesabu, akanipigia kelele: unaongoza kwa kumi na moja! Nami nikasema moyoni, Tarald, usijivunje miguu, panda kwa akili, teremka kwa adabu. Nikateremka kwa adabu. Nikashindwa kwa sekunde nne."

"Kwa hiyo hukuwa unaongoza?"

"Nilikuwa nyuma muda wote! Wala simlaumu. Ilikuwa baridi ya digrii kumi na nane, vidole vimekufa, nambari zenyewe ndogo kama chawa. Imekwisha. Bila sekunde zile nne ningekuwa mtu wa begi mlangoni, na wewe ungelelewa na nani?"

"Lakini mayai hatumpi," alisema Gudmund, wakacheka tena.

Oddlaug alikuwa tayari ameweka birika jikoni. Alifungua kikapu cha kuni, akakikuta kitupu. Sunniva alisimama upesi kuliko ilivyohitajika.

"Nitaleta mimi."

"Nenda naye, kocha," Tarald alisema akinikonyeza. "Zile kuni nzito sana kwa mtu mmoja."

Banda la kuni liko hatua thelathini kutoka mlangoni. Theluji ililia chini ya viatu vyetu. Ndani ya banda palikuwa na harufu ya magome, na mwanga ulipenya kwenye nyufa za mbao ukamwangukia shavuni. Sunniva alifunga mlango, akauegemea, akanivuta kwa kola ya lile shati.

"Mbona umekuwa mweupe hivyo? Baba amekutisha? Hapo alikuwa anakupenda, ujue. Asiyempenda hamwulizi kitu." Akacheka taratibu. "Tuwaambie sasa hivi, kabla ya maandazi ya mama. Siwezi kungoja mpaka kahawa."

Nilitazama macho yake, yale niliyoyatazama tangu Oktoba, niliporudi bondeni na kiuno kilichochakaa na medali mbili za shaba. Mama yangu amelazwa katika nyumba ya wazee anakofanya kazi Sunniva. Jioni ya kwanza nilimkuta akihesabu vidonge vya mama. Alivihesabu, akavihesabu tena, akatikisa kichwa, akavihesabu mara ya tatu. Nikamwuliza kwa utani kama vidonge hukimbia. Akajibu bila kuinua macho: "Nilishawahi kukosea hesabu, Eilev. Wewe ulikuwepo." Usiku ule sikulala. Wala sikumwambia kitu. Nikaenda kesho yake na maua.

"Sunniva," nilisema, "kuna jambo lazima ulijue kwanza."

"Una mtoto Austria," alisema akitabasamu.

"Hukusoma kumi na tisa. Ulisoma thelathini na tisa."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa.

"Ulinipigia ukasema thelathini na tisa," niliendelea. "Sauti yako ilikuwa safi kama uko kando yangu. Toa thelathini za kuanza, zinabaki tisa. Tarald alikuwa nyuma kwa tisa. Nilimwona anakuja chini ya miti, anakimbia vizuri kuliko siku zote nilizomjua. Nikajua nikimwambia nyuma kwa tisa, mlima ule ataula wote na zile tisa atazipata. Mdomo wangu ukafunguka, nikamwambia anaongoza."

Alikaa juu ya kigogo cha kupasulia kuni. Alikaa polepole, kama wazee anaowauguza.

"Rudia."

"Nambari uliyonipa ilikuwa sahihi."

"Sikuulizi nambari. Nambari naijua." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilikuwa na hakika, unajua? Siku mbili nzima nilikuwa na hakika. Kisha nikaanza kutokuwa na hakika. Rudia ile sehemu ya baadaye. Pale mwisho wa mbio."

"Tarald aliuliza nani alichukua muda."

"Ndiyo."

"Ukasema ni wewe. Ukasema umesoma thelathini na tisa. Saa ilikuwa imeshafutwa kwa ajili ya mkimbiaji mwingine, hukuwa umeandika kitu. Wote wakanigeukia mimi."

"Ukasema nini?"

"Nilisema: alinipa kumi na tisa, nami nilitangaza nilichopewa."

"Nilikuwa nalia, Eilev. Nawe ukavua skafu yako ukanifunga shingoni." Aliinua macho. "Ulinifunga skafu! Ukanishika mkono mpaka kwenye gari. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu pekee ambaye hakunikasirikia."

Kwa wengine kosa langu lingekuwa neno moja lililoponyoka msituni, jambo la kitambo kifupi, kijana, tamaa, mapigo ya moyo. Lakini skafu haikuniponyoka. Skafu niliivua kwa mikono yangu miwili, nikijua.

"Wiki iliyopita," alisema, "nilimwamsha mzee wa chumba namba nne saa kumi na moja alfajiri nimwulize kama nimeshampa dawa ya moyo. Nilikuwa nimeshampa. Nilikuwa nimeandika, nimetia na sahihi. Nikaitazama sahihi yangu nikasema, huyo Sunniva hata kusoma saa hajui. Nikamwamsha. Mzee wa watu akanihurumia." Alipangusa pua kwa kiganja cha mkono. "Na saa kwenye mbio sijaishika tena, si unajua? Nilikuwa napenda kusimama msituni. Nilikuwa hodari."

"Nakupenda, Sunniva."

"Najua unanipenda. Ulinipenda siku ile pia?"

"Ndiyo."

"Basi kupenda kwako hakuzuii kitu."

Nilipiga magoti mbele yake kwenye vipande vya magome. Sikumgusa. "Ukitaka, nitaondoka leo hii. Nitasema nimepata kazi kusini. Hutaniona tena, na hakuna atakayejua ulichokataa wala kwa nini."

Hapo ndipo alipokasirika. Alisimama kwa nguvu, rundo la kuni likaporomoka nyuma yake.

"Eti uondoke kimya! Kisha mimi nibaki nani? Nitabaki yule yule asiyejua kusoma saa, na sasa nimeachwa pia. Watasema, maskini, hata mwanamume kampoteza. Wewe una ukarimu wa ajabu, Eilev. Kila ukimpa mtu kitu, kinakusitiri wewe." Alianza kunipakia kuni mikononi, kipande juu ya kipande. "Beba. Tunaingia. Utasema wewe, si mimi. Mimi nimeshawabebea watu nambari, nimechoka."

"Wakinitoa nje?"

"Watakutoa nje. Beba."

Jikoni kulikuwa na harufu ya kahawa. Vikombe vizuri, vile vya mistari ya bluu, vilikuwa vimepangwa. Oddlaug alikuwa ameshabashiri habari tuliyokuja nayo. Tarald alituona mlangoni akapiga makofi. "Haya, wamerudi! Kuni zimewachukua muda, zimekatwa leo?" Kisha akaiona sura ya dada yake, mikono ikabaki hewani.

Nilisema nikiwa nimesimama, hata kuni sikuzitua. Nilisema kwa mpangilio, tangu simu mpaka skafu, bila kujipunguzia. Sijawahi kukimbia mbio ndefu kama dakika zile.

Tarald alikuwa wa kwanza kusema. "Tisa," alisema. "Nyuma kwa tisa."

"Tisa."

"Na nilishindwa kwa nne. Kwa hiyo hata nilipokuwa nateremka kwa adabu nilikuwa nazila." Aliitazama mikono yake mikubwa mezani. "Tisa ningezipata."

"Najua. Ndiyo maana nilikudanganya."

Alisimama. Jorid alimshika mkono wa shati akidhani atanipiga; mimi pia nilidhani hivyo, na Mungu anisamehe, nilitamani. Lakini alinipita kama mtu anavyopita nguzo. Alikwenda kwa Sunniva, akasimama mbele yake, dereva mzima, hajui aweke wapi mikono.

"Ulisema thelathini na tisa," alimwambia. "Ulisema siku ile. Nami nikakwambia, acha ubishi, mtu wa skii hadanganyi sekunde. Nilimwamini yeye nikakuacha wewe. Nisamehe, dada yangu."

Sunniva alitikisa kichwa tu. Machozi yalikuwa yanamdondoka kidevuni, hakuyafuta.

"Yale ya mayai ni mimi," alisema Gudmund ghafla. Alikuwa hatazami mtu. "Niliyaanzisha mimi. Pasaka ya mwaka ule ule. Nilidhani ukicheka utasahau." Kisha akanigeukia, na jicho lake lilikuwa kavu. "Wewe. Weka kuni zangu chini, utoke nyumbani kwangu."

Niliinama kuziweka kandokando ya jiko. Jorid alikuwa akilia kwa hasira ya kitoto. "Kwa hiyo hata mimi unanidanganya, kocha? Sekunde unazonitajia ni za kweli?"

"Za kweli, Jorid. Zote."

"Nitajuaje?"

Hakuna swali lililowahi kunichoma kama lile. Kwa misimu tisa nilisimama mbele ya waandishi wa habari wakiniuliza siri ya ushindi wangu, nami nikawajibu mazoezi, subira, na chakula cha mama. Mtoto huyu wa miaka kumi na sita alitaka ushahidi.

Nilichukua koti langu. Nilikuwa nimeshashika kitasa aliposema Sunniva.

"Baba, ngoja kidogo. Eilev, nawe ngoja. Nitasema mimi, na nikimaliza ndipo atoke."

Oddlaug alivuta kile kiti chake asichokikalia, akakaa. Sunniva alisimama katikati ya jiko na meza, amenyooka, mikono imeshuka ubavuni, na kidole chake hakikusugua kitu.

"Habari za Jorid na klabu ni za Tarald na mkewe; wao wataamua kama anabaki kuwa kocha wa mtoto wao. Mimi nasema yangu. Mlikuwa mnangoja tuwatangazie uchumba. Ni kweli: leo asubuhi aliniuliza, nikasema ndiyo. Nilimjibu mtu ambaye sikuwa namjua, kwa hiyo jibu lile naliondoa." Alivuta pumzi. "Alhamisi kuna mkutano mkuu wa klabu, pale shuleni. Bonde zima litakuwepo, na Embrik Sanden amealikwa. Eilev atasimama mbele yao aseme aliyoyasema hapa, yote, na lile la skafu pia. Nitakuwepo. Sitamtetea na sitamzomea. Baada ya hapo akitaka kuniuliza tena, mlango anaujua. Nitakachomjibu sikijui, wala asinihesabie siku."

Aligeuka akanitazama. Nilikuwa bado nampenda kwa kila mfupa, naye aliliona hilo, na macho yake hayakuficha kwamba bado ananipenda. Kisha akawageukia wazazi wake, kaka yake na binti wa kaka yake, akasema kwa sauti ya mtu aliyehesabu mara moja tu na kuamini hesabu yake:

"Lakini leo, mbele yenu wote, jibu langu ni hapana."